Mzigo wa Nyumba Upande Kinga

Lubumbashi inakula kwa kinga. Makala yanayopika bukari ya jioni, Katuba kama Ruashi, mengi yametoka porini juu ya magurudumu mawili: magunia mawili au matatu yaliyofungwa kwa kamba za mpira, na mwanaume mmoja anayesukuma tangu usiku kwenye barabara ya Kasenga, ya Likasi au ya Kipushi. Sote tunamwona. Tunanunua mzigo wake, tunapika, tunashiba. Lakini umwambie mwalimu au mwanafunzi wa Kitivo chetu kwamba yeye mwenyewe angeweza kupeleka watoto shuleni na kuleta unga nyumbani kwa chombo hicho hicho, atacheka. Kinga ni ya muuza makala. Msomi anangojea motokari.

Ninapinga kicheko hicho. Kwa kazi nyingi ndogo ndogo za familia mjini mwetu, kinga iliyotengenezwa kwa kubeba mizigo inafaa kuliko motokari. Ingefaa iingie katika nyumba zetu sisi watu wa chuo kikuu, kabla ya motokari, na mara nyingi mahali pa motokari.

Tuanze na neno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yetu. Mtu wa Mombasa au Zanzibar akisoma kichwa cha makala haya atashangaa. Kwake kinga ni kitu cha kuzuia hatari, na kukinga maji ni kuweka chombo pale yanapotiririka. Anachopanda yeye ni baiskeli, neno alilolipata kwa Waingereza. Neno letu la Katanga lina ndugu zake upande wa kusini: Wabemba husema incinga, na Wachewa wa Malawi husema njinga. Kwingine nchini kuna majina mengine. Kisangani, kinga inayobeba abiria inaitwa toleka, Kilingala cha "tupite". Goma kuna chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, bila pedali wala kiti, kinachoshuka na mamia ya kilo za viazi, kabichi na makala kutoka vijiji vya milimani. Watu wa Goma wanakiheshimu hata wakakisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji.

Tazameni sasa majina hayo yote. Kila moja ni la kazi ya mtu anayembebea mwingine kwa malipo. Kwa kinga ya mama au baba anayebeba watoto wake, unga wake na maji yake, hatuna jina. Waholanzi wanalo: bakfiets, yaani baiskeli ya sanduku. Sanduku liko mbele, chini, na ndani yake watoto wawili au watatu wanakaa kwenye ubao, wamefungwa mikanda, pamoja na mboga za sokoni. Denmark pia wanalo jina lao, ladcykel. Sisi jina halipo kwa sababu desturi haipo.

Lakini hata kwao desturi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa karne ya 20, baiskeli za sanduku zilikuwa vyombo vya waoka mikate, wauza maziwa na watumwaji wa maduka. Zilikuwa kazi ya jasho, kama ya mtu wetu wa makala. Motokari ndogo za mizigo zilipoenea, karibu zote zikapotea. Mwaka 1984, katika mtaa wa Christiania mjini Copenhagen, ambao haukuruhusu motokari kupita, fundi mmoja alianza kutengeneza baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku, kwa sababu wakazi walihitaji kubeba watoto na vitu vyao. Kutoka hapo familia za mji mzima zikaipokea. Leo daktari na mwalimu wa chuo kikuu wanaipanda bila kuuliza watu watasema nini. Chombo cha maskini kilikuwa chombo cha kila mtu siku ile mtu mwenye uwezo wa kuchagua alipokichagua.

Kuna watakaosema: hayo ni mambo ya Wazungu, yasituhusu. Wanasahau historia yetu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo. Baiskeli zikaenea Ulaya na Marekani, baadaye motokari, na mpira ukatafutwa kila pembe ya dunia. Katika Dola Huru la Kongo, milki ya Leopold II tangu 1885 hadi 1908, wazee wetu walisukumwa msituni kugema mpira kwa mjeledi na bunduki, wake zao wakishikwa rehani, na mikono ikikatwa. Nchi yetu iliilipia kinga kabla haijaipanda. Baadaye, wakati wa ukoloni, kinga ikawa alama ya mwanaume mwenye kazi na mshahara. Aliipaka mafuta siku ya Jumapili ili aonekane. Kwa hiyo aibu tunayoiona leo juu ya kinga si ya zamani, wala si ya asili. Imeletwa na motokari, na kilicholetwa kinaweza kurudishwa.

Sasa tuweke hesabu mezani. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu bidoni yenyewe. Nyumba ya watu sita ikihitaji bidoni nne kwa siku, hizo ni kilo 80. Maji yanapokatika kwenye mtaa, nani anabeba kilo hizo? Si baba, wala si kaka mkubwa. Ni binti wa miaka kumi na miwili, bidoni moja moja juu ya kichwa, safari nne, kabla ya kwenda shule au baada ya kurudi. Methali inasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli, kilo 20 juu ya kichwa cha mtoto hazijawahi kumlemea mtu aliyeketi sebuleni. Kinga imara yenye portibagaji pana inabeba bidoni zote nne mara moja, ikisukumwa kwa mkono. Safari nne zinakuwa moja. Saa iliyobaki ni ya daftari.

Tuchukue safari ya kilomita 3, labda kutoka nyumbani hadi sokoni. Kwa miguu, mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ni dakika 36. Kwa kinga iendayo polepole, kilomita 12 kwa saa, ni dakika 15, na gunia la unga la kilo 25 liko nyuma. Motokari ingewahi kidogo kama njia ni wazi. Lakini ni safari fupi hizi hizi zinazoiumiza motokari: injini haijapata moto vizuri, inakunywa mafuta kuliko kawaida, na inachakaa upesi. Mafuta yenyewe yanatufikia kwa malori kutoka mbali sana. Yakichelewa, bei inapanda, na motokari ya mwalimu inalala uani kama mgeni asiyefanya kazi lakini anayekula.

Ninajua maasistenti na mashefu wa kazi wengi wanaojinyima miaka mingi ili wanunue motokari iliyokwisha tumika, iliyopita bandari ya Dar es Salaam na barabara ya Zambia hadi Kasumbalesa. Siwacheki. Motokari inafaa kwa mgonjwa usiku, kwa msiba wa Likasi, kwa safari ya watu watano wenye mizigo. Ninachouliza ni hiki: kati ya safari kumi za juma, ngapi ni za namna hiyo? Nyingine zote ni mkate, unga, makala, maji, mtoto shuleni, sahani za kurudisha kwa shangazi. Kwa hizo tumejifunga deni la chombo cha tani moja ili kibebe kilo 30.

Pingamizi zipo, na si za kudharau.

La kwanza ni hatari. Malori ya madini hayamwogopi mtu. Ni kweli, na simshauri mzazi yeyote aweke watoto kwenye kinga katika barabara ya Kasumbalesa. Lakini safari za nyumbani nyingi hupita avenyu za ndani, ambako malori hayaingii. Na kwa barabara kubwa, jibu ni kudai sehemu ya pembeni iliyotengwa kwa wenye kinga na waendao kwa miguu. Wauza makala wameihitaji tangu zamani bila kusikilizwa. Huenda wangesikilizwa kama profesa naye angekuwa anasukuma kinga yake pembeni mwao.

La pili ni mvua. Kati ya mwezi wa 11 na wa 4 mvua zetu ni kali, na breki za kinga zikilowa hazishiki vizuri, hasa penye mzigo. Basi siku hiyo mtu angoje ikatike, au ashuke asukume. Mwenye motokari ndogo naye hungoja, maana mashimo ya avenyu zetu yakijaa maji hakuna anayejua kina chake.

La tatu linatoka kwa wanawake wenzetu wa Kitivo, nami naliona ndilo kubwa. Wanasema: mtatuletea kinga, kisha atakayeisukuma ni binti yule yule. Inawezekana. Chombo hakibadilishi moyo wa mtu. Lakini tuangalie desturi zetu zinavyogawa mizigo. Kijana wa kiume hakubali kuonekana na bidoni kichwani. Anasema hiyo ni kazi ya wasichana. Kijana huyo huyo akipewa kinga yenye bidoni nne, ataigombania. Kwetu kichwa kimeachiwa wanawake na gurudumu limeshikwa na wanaume. Mzigo ukihama kutoka kichwani hadi kwenye gurudumu, unahamia pia upande wa baba na kaka, na visingizio vyao vinakwisha. Wakati huo huo binti naye ajifunze kupanda, kwa kinga isiyo na chuma cha juu ili kitambaa chake kisimsumbue, asije akanyimwa chombo kwa sababu kimekuwa kizuri.

La nne ni heshima. "Profesa juu ya kinga, wanafunzi watamheshimu kweli?" Swali hilo linasema zaidi juu yetu kuliko juu ya kinga. Tumekuja chuoni kujifunza kupima maneno na kutofautisha kitu na sifa tunayokibandika. Kama heshima ya mwalimu inakaa katika tangi la mafuta, basi itakwisha mafuta yakikwisha.

Tufanye nini, basi? Sisemi kila mtu auze motokari yake. Ninapendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, Kitivo kitenge mahali penye paa na vyuma vya kufungia kinga, karibu na madarasa, mbele ya macho ya mlinzi. Mtu hawezi kuja na kinga kama atashinda darasani akifikiria mwizi.

Pili, nyumba mbili au tatu za jirani, au wanafunzi wa chumba kimoja katika homu, wachange wanunue kinga moja. Maji, unga na makala havihitajiki nyumba zote saa ile ile. Kinga ya shirika, yenye zamu zilizoandikwa, inagharimu kila mmoja kidogo.

Tatu, tuongee na wenzetu wa Polytechnique na mafundi wa kuchomelea vyuma katika komini ya Kenya na Katuba. Wabeba makala wanajua tayari jinsi ya kuimarisha kinga nyeusi ya kawaida: wanaongeza vyuma kwenye uma wa mbele na kupanua portibagaji. Kinachokosekana ni kinga ya familia: mzigo ukae chini ili isipinduke, watoto wawe na kiti chenye mkanda na mahali pa kuweka miguu mbali na gurudumu, na kuwe na mguu wa chuma wa kuisimamisha imara mtu anapopakia. Chuma kipo, mikono ipo, akili ipo. Mji wetu uko karibu tambarare; tumepewa ardhi ambayo watu wa Goma na Bukavu wangeitamani.

Na kazi iliyobaki ni yetu wa lugha: kukipa chombo hicho jina. Tusingoje litoke Ulaya. Wengine watasema kinga ya mzigo, wengine kinga ya nyumba. Mimi nachagua la pili, kwa kuwa linataja mwenye chombo, si kilichopakiwa. Jina litakubalika siku watoto wa Kamalondo watakapolitamka bila kufikiri, wakiitana waende kuchota maji. Hadi siku hiyo, kila msomi anayecheka kinga na ajibu kwanza swali moja: leo asubuhi, maji ya nyumbani kwake yalibebwa na kichwa cha nani?