Usiache Mbachao: Vijia vya Kalamba na Raha ya Baiskeli

Katika mijadala ya maendeleo ya vijijini, baiskeli aghalabu hutajwa kama chombo cha mnyonge. Hubebeshwa mitungi ya maji, magunia ya maembe na hata wagonjwa waliokosa nauli; mwenyewe akijaliwa kupata pesa, huitupa kando na kununua pikipiki. Mtazamo huu umekita mizizi kiasi kwamba mtu mzima akionekana jioni akiendesha baiskeli pasi na mzigo wala safari, majirani huulizana amesibiwa na nini. Makala haya yanashikilia kuwa mtazamo huo una hasara kubwa. Kalamba, katika Kaunti ya Makueni, pamoja na vijiji vingi vya Ukambani hadi ng'ambo ya mto Athi katika Kaunti ya Kitui, ina vijia ambavyo gari halijawahi kuvikanyaga. Mataifa mengine hugharimika sana kuunda njia kama hizo upya. Visipolindwa sasa, vizazi vijavyo vya Kalamba navyo vitalazimika kununua kile ambacho wazazi wao walikuwa nacho bure.

Mfano wa Ufaransa una funzo katika suala hili. Mfereji uitwao Canal du Midi, uliobuniwa na Pierre-Paul Riquet na kuchimbwa kati ya mwaka 1666 na 1681, una urefu wa takriban kilomita 240 kutoka mji wa Toulouse hadi pwani ya Mediterania. Kando yake palikuwa na njia ya farasi waliokokota mashua za mizigo. Mashua zilipotiwa injini, farasi waliondoka na njia ikabaki bila kazi. Sehemu baada ya sehemu, njia hiyo imegeuzwa kuwa ya waendao kwa miguu na waendesha baiskeli. Jambo kama hilo lilifanyika katika jimbo la Burgundy mwaka 1997, pale reli iliyoachwa kati ya Givry na Cluny ilipofanywa njia ya baiskeli. Mwaka 2004 sheria za barabara za nchi hiyo zikazitambua rasmi njia za aina hii, ambazo Wafaransa huziita njia za kijani, na kuzikataza kwa vyombo vyenye mota. Leo familia nzima, babu na mjukuu, huweza kusafiri siku kadhaa kwa baiskeli katikati ya mashamba ya mizabibu bila kupigiwa honi hata mara moja.

Yafaa kuzingatiwa kuwa njia hizo hazikuanza kama njia za starehe. Zilianza kama njia za jasho, za farasi na za makaa ya garimoshi. Raha ilikuja baadaye, kwa sababu kulikuwa na watu walioona thamani ya njia kuukuu na kuamua isimezwe na vichaka au kugawanywa viwanja.

Kalamba haina mfereji wa mashua. Mito mingi ya eneo hilo ni ya msimu. Mvua ikiisha, maji hujificha chini ya mchanga na watu huchimba ili kuyafikia. Hata hivyo, kingo za mito hiyo zina vijia vilivyokanyagwa na ng'ombe waendao kunywa maji. Kuna vijia vya wanafunzi, vya waumini, na vya wakulima wapelekao mazao sokoni, vikipita kando ya matuta ya mashamba na chini ya miembe na michungwa iliyoifanya Kalamba kuwa mahali pa kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda. Baada ya mvua za vuli, ambazo Ukambani ndizo za kutegemewa zaidi, nchi huvaa kijani kibichi na harufu ya maembe mabivu hufuata mpita njia. Kati ya Juni na Agosti hali ya hewa huwa ya ubaridi na ukavu, na asubuhi hufunikwa na mawingu yanayompunguzia mwendeshaji ukali wa jua.

Si kwamba vijia hivyo havina adha. Mchanga wa mtoni hauendesheki. Sharti mtu ashuke na kusukuma. Miiba ya migunga hutoboa tairi, na asiyebeba kiraka na gundi atarudi nyumbani kwa miguu. Vilima navyo havina huruma kwa baiskeli nzito nyeusi ambazo Wakenya wamezibandika jina la Black Mamba. Lakini adha hizi haziui raha ya safari. Wahenga walinena kuwa kupotea njia ndiko kujua njia, na kwa hakika anayesukuma baiskeli mchangani huijua nchi yake kuliko anayeipita kwa matatu huku amesinzia.

Hatari kubwa inayovikabili vijia hivi ni ya aina tatu. Ya kwanza ni ugawaji wa ardhi. Kila baba anapowagawia wanawe shamba na kila mwana anapozungushia kipande chake ua wa seng'enge, kijia kilichopitiwa tangu enzi za mababu hukatika. Ya pili ni pikipiki, ambayo hujipenyeza hata pale gari lisipoweza. Ya tatu ni barabara yenyewe. Barabara ya lami ni neema isiyokanushika, lakini inapojengwa bila kuachiwa ujia wa pembeni, mwenye baiskeli husukumwa mtaroni na malori ya mchanga na mabasi. Hapo ndipo baiskeli inapogeuka kuwa chombo cha mauti, na mzazi anapomkataza mtoto kuigusa.

Historia ya neno bodaboda inaonyesha jinsi badiliko hili lilivyopita bila kutambuliwa. Neno hilo lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako wenye baiskeli waliwavusha abiria kati ya vituo viwili vya forodha huku wakilitaja kwa sauti neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Kwa miaka mingi bodaboda ilikuwa baiskeli. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zikafurika na kulinyakua jina hilo. Kijana wa leo akisikia bodaboda husikia mngurumo wa injini. Baiskeli ilipokonywa abiria, ikapokonywa jina, na sasa inaelekea kupokonywa njia.

Yamkini mtu atapinga kwa kusema kuwa Kalamba ina kiu ya maji na uhaba wa dawa, na kwamba kuzungumzia baiskeli za tafrija ni kuwakejeli maskini. Hoja hiyo ina uzito, ila imejengwa juu ya dhana potofu kuwa raha ni mali ya tajiri. Kiswahili chenyewe kinaikanusha. Kupunga upepo ni msamiati wa kila mtu. Mvuvi hupunga upepo na mwenye jahazi hupunga upepo. Isitoshe, kijia hakishindani na kisima wala zahanati kwa fedha, kwa kuwa tayari kipo. Kinachohitajika ni kukiacha wazi. Tena njia iliyo salama kwa anayepunga upepo ni salama pia kwa mtoto wa chekechea, kwa bibi mwenye bakora na kwa mama aliyejitwika kuni. Kipimo bora cha usalama wa njia ni kuona kama mtu aweza kuipita bila haraka.

Wala haifai kudhaniwa kuwa baiskeli ya raha ni mambo ya kigeni. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda mashindano ya Tour de France mara 4, katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017, alipata malezi ya kibaiskeli kwa Mkenya David Kinjah, katika njia za vumbi za eneo la Kikuyu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, wageni na wenyeji huendesha baiskeli miongoni mwa pundamilia na twiga. Kilichokosekana Kalamba ni utambuzi kwamba kilichopo kina thamani.

Sheria nayo haikosi. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la barabara za kaunti. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua haki ya umma ya kupita, na inaruhusu serikali ya kaunti, au hata kikundi cha watu, kuiomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi iihifadhi njia ya jamii. Jiji la Nairobi lilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia mota, ambayo inapendekeza asilimia 20 ya bajeti ya barabara itengewe waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ikiwa Nairobi, penye msongamano na uhaba wa nafasi, imethubutu kuandika hivyo, sembuse kaunti za Makueni na Kitui ambazo bado zina nafasi?

Wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hii. Mbinu ya kuhifadhi udongo kwa matuta, iliyoenea katika Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, imeingia katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu. Jembe la mkulima wa Ukambani lilitangulia, neno likafuata, na ulimwengu ukalichukua. Vijia vya Kalamba vinastahili istilahi kama hiyo, maadamu kisicho na jina ni vigumu kukitetea katika kikao cha bunge la kaunti. Mwanafunzi anayerudi nyumbani likizoni aweza kuanza kwa kuwauliza wazee majina ya njia, kuyaandika kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na kuonyesha kila njia inaanzia wapi na imezibwa wapi. Orodha hiyo, ikiwekwa mezani pamoja na kifungu cha sheria, itakuwa na nguvu kuliko malalamiko.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Lami na ije Kalamba, na pikipiki ziendelee kuwalisha vijana. Lakini kijia cha baiskeli kisifukiwe wala kuzungushiwa seng'enge kwa kuwa tu hakuna aliyekumbuka kukiombea nafasi.