Kivuli cha Mti

Watu wengi wakitaka kukata mti mrefu karibu na nyumba, hutazama juu, hukisia, kisha hushika shoka. Mmoja asema: “Una meta 12.” Mwingine asema: “Hapana, unapita hapo.” Wanabishana bure, na mwenye nyumba ndiye atakayelipa mabati. Afadhali wamwite mwanafunzi na fimbo yake.

Mwanafunzi achukue fimbo ya meta 1, aisimamishe wima mahali palipo sawasawa, saa mbili ya asubuhi. Tuseme kivuli cha fimbo kina meta 2. Papo hapo, jua lisije likasogea, apime kivuli cha mti toka shinani hata nchani: meta 36. Kivuli cha fimbo ni mara mbili ya fimbo. Basi na kivuli cha mti ni mara mbili ya mti. Mti una meta 18. Kama nyumba iko mbali meta 15, mti ukianguka upande ule utafika paani. Lazima kilele kikatwe kwanza na kushushwa kwa kamba.

Wako wasemao kwamba kivuli ni mwongo, kwa maana asubuhi ni kirefu na saa sita ni kifupi. Neno lao ni nusu tu ya kweli. Kivuli hubadilika, lakini cha fimbo na cha mti hubadilika pamoja, kwa sababu jua ni moja na mishale yake huviangukia vyote kwa mwinamo ule ule. Atazamaye kivuli kimoja hudanganyika. Alinganishaye viwili hadanganyiki. Ila saa sita asipime: huku Kongo kivuli cha saa hiyo ni kifupi mno, na kukosea upana wa kidole kwenye fimbo ni kukosea meta nyingi kwenye mti.

Waandishi wa kale wasimulia kwamba Thales, Mgriki wa mji wa Mileto, yapata miaka 600 kabla ya Kristo, alipima hivyo piramidi za Misri. Iliyo kubwa kupita zote ilikuwa na kimo cha meta 146 hivi, na kila upande wa chini meta 230. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya mti. Kivuli chapasa kuhesabiwa toka katikati ya piramidi, na hakuna awezaye kupitisha kamba ndani ya mawe yale. Basi kivuli kikielekea mbele sawasawa toka upande mmoja, mpimaji hupima sehemu iliyo nje, kisha huongeza nusu ya upande, meta 115.