Nafasi ya nne ya Geita Gold: tulilipa bei gani?

Leo naweka pembeni testi na boom, tuongee mpira kidogo.

Hapa hosteli kuna ubishi usioisha. Timu ikiona mlango wa mafanikio umefunguka, iweke mezani kila ilichonacho leo hata kama kesho itabaki mikono mitupu? Au ijenge polepole? Washkaji wa kikapu wana mifano yao ya NBA, nitaigusa hapo chini. Lakini mimi mtoto wa Geita sina haja ya kuanzia Marekani. Mfano tunao nyumbani, na unauma.

Geita Gold, timu ya halmashauri yetu iliyobebwa na udhamini wa mgodi wa GGML, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021. Msimu ukaanza vibaya, kocha Etienne Ndayiragije akaondoka mapema, akaja Fred Felix Minziro. Haraka ile ikalipa. Mwisho wa msimu wa 2021/22 timu ngeni ikamaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam tu! George Mpole akafunga magoli 17 na kuwa mfungaji bora, Fiston Mayele wa Yanga akiwa na 16. Tukapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mji ambao ukiutaja watu wanakuuliza bei ya dhahabu, safari hii wakauliza Mpole katokea wapi. Jamani, ilikuwa raha.

Halafu? Mwaka 2022 Hilal Al-Sahil ya Sudan ikatutoa hatua ya awali kabisa. Kwenye usajili tukamleta Saido Ntibazonkiza, Mrundi mwenye miaka 35, fundi kwelikweli. Dirisha dogo lilipofunguka akaenda Simba, na msimu ukaisha akiwa mfungaji bora pamoja na Mayele, magoli 17 kila mmoja, akiwa na jezi nyekundu siyo yetu. Mpole naye akaenda zake FC Lupopo ya Lubumbashi. Msimu wa 2023/24 ulipoisha tukashuka daraja. Misimu mitatu tu tangu tupande.

Kuna mshkaji wangu ananiambia, "Wewe unalalamika nini? Timu ndogo wachezaji lazima waondoke. Bora mlionja Afrika." Ana hoja. Mchezaji kuondoka siyo dhambi, na timu isiyotafuta matokeo leo haina Ligi Kuu ya kesho. Shida yangu iko kwingine: alipoondoka Mpole, alikuwa nyuma yake kijana gani aliyekulia kwetu? Mimi sikumwona. Wengi tuliowashangilia walikuja wameshaiva kutoka timu nyingine, na walipoondoka waliacha nafasi wazi, basi.

Na hii haraka yetu haikuanza jana. Februari 2016, mechi ya mwisho ya kundi Ligi Daraja la Kwanza, tukimbizana na Polisi Tabora kwa tofauti ya magoli, Geita iliifunga JKT Kanembwa 8-0. Siku hiyohiyo Polisi Tabora wakashinda 7-0 dhidi ya JKT Oljoro. TFF ikasema matokeo yamepangwa na timu zote nne zikashushwa. Aliyepanda ni jirani yetu wa Mwanza, Mbao FC, aliyekuwa nyuma yetu, na mwaka 2017 akacheza fainali ya Kombe la FA na Simba. Sisi tukasubiri miaka mitano. Ule ulikuwa mkato, na mkato ulitupoteza njia.

Sasa twende kwenye kikapu kama nilivyoahidi. Toronto Raptors mwaka 2018, chini ya Masai Ujiri ambaye mama yake ni Mkenya, walimtoa DeMar DeRozan aliyekaa kwao misimu tisa, wakamchukua Kawhi Leonard aliyebakiza mwaka mmoja kwenye mkataba. Mwaka 2019 wakawa mabingwa, Kawhi akaondoka. Nani Toronto analia? Kombe lipo kabatini. Kawhi akaenda Clippers, nao ili wampate Paul George wakawapa Oklahoma City kijana Shai Gilgeous-Alexander na haki za kuchagua vijana wapya kwa miaka ya mbele. George akaondoka 2024 bila Clippers kucheza fainali hata moja. Shai akabeba ubingwa na Oklahoma 2025.

Kimtazamo wangu, hapo ndipo hesabu ilipo. Aliyekopa kesho yake akapata kombe, ana kombe. Sisi tulikopa tukapata nafasi ya nne na safari moja ya Sudan. Nafasi ya nne haikai kabatini. Faida yake ilikuwa moja tu: kutumia jina na pesa za mwaka ule kujenga kilichofuata. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, haikustahili bei tuliyolipa.

Na msiniambie kujenga hakulipi. Tulishuka 2024 pamoja na Mtibwa Sugar. Mtibwa wanajulikana kwa timu yao ya vijana, wamebeba ubingwa wa ligi ya U-20 zaidi ya mara moja. Vijana hawakuwazuia kushuka, ni kweli. Lakini msimu uliofuata, 2024/25, Mtibwa walikuwa mabingwa wa Championship na wakarudi Ligi Kuu. Sisi msimu huohuo tulibaki hukohuko chini. Msingi hauzuii kuanguka, unasaidia kuinuka.

Wachimbaji wetu wadogo wanalijua hili kuliko viongozi wa mpira. Ukiufukuza mwamba bila kuweka matimba, dhahabu utaiona, lakini duara litakufukia nayo.

Matimba ya timu yetu ni nini? Ni fungu la kila msimu la timu ya vijana lisiloguswa hata tukiburuza mkia. Ni mtu wa klabu anayekaa kwenye UMISSETA na daftari, anayeijua Katoro na Nzera kama anavyowajua mawakala wa Dar. Na sisi tunaosomea ualimu, tukipangiwa huko, tusifanye kipindi cha michezo kuwa muda wa kusahihisha madaftari. Mpole mwingine anaweza kuwa yuko kidato cha pili, peku, na hakuna anayemwangalia.

Wana Simba na Yanga, chekeni tu. Nawasilisha.