Picha Zilizofufuka Zina Wenyewe

Tawa ni mji wa soko katika nchi ya Mbooni, kaunti ya Makueni, mbali na bahari. Jina ni la Wakamba, lakini sikio la mtu wa pwani haliachi kulisikia kwa namna yake. Kwetu kutawa ni kukaa ndani kwa heshima, mtu asionekane ila na wale wanaompasa kumwona. Nililikumbuka neno hilo majuzi nilipokwenda kumzuru ndugu yangu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye ana duka huko. Nilimkuta ameinamia kompyuta, jasho linamtoka.

Kisa chake ni hiki. Diski aliyohifadhia picha za ukoo mzima ilifutwa kwa bahati mbaya. Fundi mmoja akaifufua, na ndugu yangu alipoifungua alishangaa: aliweka picha kama elfu tisa, zimerudi zaidi ya elfu ishirini! Majina yote yamepotea, na mahali pake pana herufi na tarakimu zisizo maana. Picha moja imerudi mara tatu, mara nne. Mwanawe akamwambia, "Baba, iko programu ya kuondoa zilizorudiwa. Bonyeza hapa tu, yaishe."

Yataisha kweli? Ndugu msomaji, tuyatazame mambo yenyewe.

Programu za kufufua, kama ile iitwayo PhotoRec, hazisomi majina. Hupekua diski zikitafuta alama ambayo kila aina ya faili huanza nayo, kisha hukusanya chochote kinachofuata. Ndiyo maana hurudi picha kubwa kama ilivyopigwa, na pia ile ndogo ambayo kamera huificha ndani yake kwa ajili ya kuonyesha haraka. Hurudi tena nakala iliyopita kwenye WhatsApp, imepunguzwa ukubwa na kuvuliwa tarehe yake. Kwa macho ni picha moja. Kwa kompyuta ni faili tatu mbalimbali.

Faili zilizo sawasawa kabisa si kazi kuzijua. Programu kama dupeGuru au Czkawka hukokotoa kila faili na kulipa namba yake, mfano wa alama ya kidole. Namba zikilingana, faili ni moja, futa ya pili bila wasiwasi. Lakini zile zinazofanana tu hukisiwa kwa sura, na kukisia ni kukisia. Hapo mtu aangalie mwenyewe, abakize ile kubwa yenye tarehe ya kupigwa, asidanganywe na tarehe ya kufufuliwa. Kabla ya yote aweke nakala ya kila kitu kwenye diski nyingine. Haraka haraka haina baraka.

Mpaka hapo ni kazi ya fundi. Lakini nililoliona Tawa halikuwa la ufundi.

Katika zile picha zilikuwamo za usiku wa kupamba wa binti wa dada yetu. Wanawake watupu ukumbini, mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, kila mtu na furaha yake. Miaka mitatu nyuma binti huyo aliomba picha hizo zifutwe, na zikafutwa. Sasa zimerudi! Mashine haijui tofauti ya kilichopotea na kilichositiriwa. Kufuta kwa kawaida huondoa anwani ya faili tu. Yenyewe hubaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Sasa tazama hukumu ya ile programu ya kijana wetu: nakala mbili zifutwe, moja ibaki. Mwenye picha alikwisha kusema isibaki hata moja. Nani tumsikilize?

Zamani jambo hili lilikuwa jepesi. Mtu alipopiga picha kwa Bakor kule Lamu, au Capital Art Studio ya Unguja iliyoanzishwa mwaka 1930, palikuwa na karatasi na negativu yake. Ukiijua karatasi iko sanduku gani na negativu iko kwa nani, umeijua picha yote iliko. Leo mtu hajui mwenyewe ana nakala ngapi, na fundi asiyemjua amekwisha kuziona.

Wapo watakaosema, "Ah, hizi ni za nyumbani, nani atazitoa?" Jawabu ni kwamba zilifika Tawa kutoka ukumbi wa Mombasa bila ya bibi harusi kuzituma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeongeza nguvu. Lakini mambo yaliyo ya ndani ya nyumba sheria hiyo imeyaachia nyumba yenyewe. Basi hapo ndipo adabu yetu inapotakiwa kufanya kazi ambayo sheria haikuifanya.

Rai yangu ni kwamba nakala aamue mashine, lakini picha aamue mwenyewe. Picha za kina mama zitengwe kwanza, apewe mama wa nyumba au dada azipange, wanaume waondoe macho. Aliyekwisha kuomba yake ifutwe asiombwe rai mara ya pili. Ifutwe, kubwa na ndogo yake, na ile diski ya zamani iandikwe upya yote. Na za marehemu zisifutwe mpaka wazee wazione, maana siri ya mtungi aijuaye kata. Picha mbili za bibi zinazofanana kwa mashine, mzee atakuambia ya pili ndiyo ya mwisho kupigwa kabla hajatutoka.

Ndugu yangu hakubonyeza. Alimpigia simu mkewe, aliyekuwa Mombasa, naye akasema anakuja mwenyewe Ijumaa. Diski ikatiwa kabatini, kabati likafungwa kwa ufunguo. Nikasema moyoni, kwa mara ya kwanza mji huu umepata maana ya jina lake kwa Kiswahili.