Programu Isiyojua Githeri Yanifaa Nini?

Wahenga walinena: chovya chovya humaliza buyu la asali. Maana yake niliionja daktari aliponiambia kuwa sukari imenipanda mwilini, nami nikaapa kuandika kila nilacho. Hapa Kiamunyi nimepakua programu tatu katika simu, na zote nimezitupa. Kisa? Zilijua piza na baga. Githeri, mukimo na managu hazikuvitambua. Mwalimu aliyeshinda akisahihisha madaftari atapata wapi subira ya kukisia kila upawa?

Kwa maoni yangu, programu ya kuchagua si iliyopambwa, bali ile ijuayo chungu cha nyumbani, isiyodai intaneti kila mara, wala kula zaidi ya dakika moja kwa mlo. Kisingizio cha kukosa takwimu hakipo: mwaka 2018 Serikali ya Kenya na shirika la FAO zilichapisha majedwali ya virutubishi vya vyakula vyetu, pamoja na kitabu cha mapishi. Enyi wanafunzi wa kompyuta, yatumieni! Hadi hapo, mimi nimerudia daftari langu. Huu mwezi wa nne; sijaliacha.