Tuzo Ina Wenyewe

Kwa kinyozi wangu hapa Migosi, Kisumu, kuna Jumatatu moja kila mwaka ambayo mtu hanyolewi kwa amani. Ni asubuhi ya baada ya tuzo za filamu za Oscar. Los Angeles bado ni Jumapili jioni, kwetu kumekucha, na kabla chai ya kwanza haijapoa matokeo yameshaingia kwenye simu. Basi mashine inanguruma huku wanaume wazima, mmoja ana shuka shingoni na nusu kichwa, wanabishana nani alistahili na nani kaibiwa. Mwaka mmoja nilivumilia mpaka jirani yangu wa benchi alipoanza kugonga ukuta kwa kiganja. Nikauliza: "Jamani, kati ya filamu hizi, nani ametazama hata moja mpaka mwisho?"

Kinyozi akazima mashine. Kijana mmoja akasema ameona trela. Mwingine akanigeukia mimi, mwalimu wao: "Japuonj, na wewe! Kwani ni lazima ufike London ndio ushangilie Arsenal?"

Nilicheka na wenzangu, maana jibu lilikuwa zuri. Ila Arsenal unaitazama dakika 90. Unaona bao likiingia, unaona refa akikosea, hasira yako ina msingi. Sisi tulikuwa tunagombania mechi ambayo hakuna aliyeiona.

Ubishi wenyewe hauniudhi. Mtu wa Kisumu ukimnyima ubishi umemnyima chumvi. Kinachoniudhi ni imani iliyojificha chini yake: kwamba huko Marekani kuna mizani moja inayopima filamu za dunia nzima, kwamba ikishasema hii ndiyo bora basi ndiyo bora, na kwamba siku filamu ya Kenya itakapopandishwa juu yake na kushinda ndipo na sisi tutakuwa na sinema. Nimeisikia kwa wanasiasa, kwa walimu wenzangu, kwa wasanii wenyewe. Nami niliibeba miaka mingi.

Tuanze na hiyo mizani. Oscar ni kura ya wanachama wa chama kimoja cha watu wa sinema, kilichotoa tuzo zake za kwanza mwaka 1929 katika karamu ya hoteli, shughuli ya takriban dakika 15. Leo wanachama wamepita 10,000. Ni watu wenye kazi zao, marafiki zao na madeni yao ya fadhila, na kampuni za filamu humwaga mamilioni ya dola kila msimu kuwabembeleza. Ajabu zaidi, ni mwaka 2025 tu chama hicho kilipotangaza kwamba kwenye duru ya mwisho mtu asipige kura katika kitengo ambacho hajatazama filamu zote zilizoteuliwa. Katika vitengo vingi, miaka yote ile, lilikuwa suala la dhamiri ya mtu. Mwalimu akikamatwa anasahihisha mtihani wa KCSE bila kufungua karatasi, tutamfanyaje? Basi yule kijana wa trela pale kwa kinyozi alikuwa na sifa zilezile za baadhi ya waamuzi.

Bong Joon-ho, mwongozaji wa Korea Kusini, alipoulizwa mwaka 2019 mbona filamu za kwao hazijawahi kuteuliwa, alijibu kwa utulivu kwamba Oscar si tamasha la kimataifa, ni mambo ya watu wa pale pale. Miezi michache baadaye, Februari 2020, filamu yake Parasite ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa tuzo kuu, katika sherehe ya 92. Kwa hiyo yake haikuwa sizitaki mbichi hizi. Aliyasema hayo kabla ya kushinda, na aliposhinda sijasikia kwamba aliyafuta.

Sasa nijitose kwenye moto. Lupita.

Tarehe 2 Machi 2014 Lupita Nyong'o alishinda Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa kuigiza Patsey katika 12 Years a Slave. Baba yake, Anyang' Nyong'o, alikuwa seneta wetu wa Kisumu wakati huo. Usiniulize mji ulikuwaje. Mwanamke ambaye jana yake tulikuwa hatumjui akawa nyathiwa, mtoto wetu, na maneno yake kwamba ndoto za mtu ni halali popote atokapo yakawa msemo wa kila hotuba ya kufunga shule. Nilifurahi kama mwingine yeyote. Niliitazama filamu baadaye na nasema bila kusita: alistahili. Pale Patsey anapojitetea kwa ajili ya kipande cha sabuni, nilishindwa kukaa.

Lakini miaka mitano kabla ya tuzo hiyo, mwaka 2009, huyo huyo Lupita alitengeneza filamu yake mwenyewe hapa Kenya, In My Genes, kuhusu Wakenya wanaoishi na ualbino. Aliiongoza yeye. Watu wetu, barabara zetu, aibu zetu. Mwaka huo huo aliongoza pia video ya wimbo wa Wahu na Bobi Wine. Nani kati ya waliopiga vigelegele alikuwa ametazama In My Genes? Mimi sikuwa nimeitazama, na ninajiita mpenzi wa sinema. Nyathiwa alikuwa mtoto wetu tangu siku nyingi. Sisi tulisubiri wageni watuambie ni mzuri ndipo tumkumbatie.

Na angalia wageni hao humpigia makofi mtu mweusi akiwa nani. Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, aliipata mwaka 1940 akiigiza mtumwa wa nyumbani, na usiku huo alikalishwa kwenye meza ya pembeni kwa ajili ya rangi yake. Miaka 74 baadaye Lupita akashinda akiwa mtumwa wa shamba la pamba. Mwaka 2019 alibeba nafasi mbili katika filamu ya Us, mama na kivuli chake, kazi ngumu ambayo wahakiki wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Oscar haikumteua hata kidogo. Sisemi ni njama. Nasema kila nyumba ina ladha yake, na anayepika kwa ladha ya jirani asishangae wanawe wakilala njaa.

Watu wa ziwa tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Tazama samaki wetu, mbuta. Minofu inakatwa kiwandani, inapakiwa kwenye barafu, inapanda ndege. Kinachorudi mtaani Obunga ni kichwa na mifupa, ule mgongo wazi tunaoukaanga hadi ukawa mtamu kwa lazima. Ng'ambo ya ziwa, Mwanza, huuita mapanki. Filamu kuhusu samaki huyo iliwahi kufika Oscar: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, iliyotoka 2004 na kuteuliwa katika kitengo cha filamu za hali halisi mwaka 2006. Wazungu walitazama mapanki yetu wakalia. Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani mwaka huo, kwamba imeichafua Tanzania, na mjadala ukawaka: ni kweli, si kweli, mapanki ni chakula cha watu au cha mifugo? Wengi waliobishana walikuwa hawajaiona, kwa sababu filamu nayo ilikuwa imepanda ndege pamoja na minofu. Tuzo yenyewe ilikwenda kwa filamu ya pengwini. Kuna mtu aliyelinganisha mchuuzi wa mapanki na ndege wa barafuni akaona ndege wamezidi, na sisi tunaita hiyo mizani!

Wenye hasira watasema: basi shida ni kwamba filamu hizo zimetengenezwa na wageni, tupeleke zetu. Tumepeleka. Kenya ilianza kushindania kitengo cha filamu za lugha za kigeni mwaka 2012 kwa Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga. Kuna kanuni pale kwamba zaidi ya nusu ya maneno yasiwe Kiingereza. Mwaka 2019 Nigeria ilitolewa nje kwa sababu Lionheart ya Genevieve Nnaji ilikuwa na takriban dakika 11 tu za Kiigbo. (Nakiri, hapo Oscar imekitetea Kiswahili kuliko televisheni zetu kadhaa.)

Ila kilichotokea 2018 kilipaswa kutuamsha wote. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa imepigwa marufuku na bodi ya uainishaji wa filamu mwezi Aprili kwa sababu inasimulia mapenzi ya wasichana wawili. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kufika kule. Sasa, kanuni ya Oscar ilitaka filamu iwe imeonyeshwa nchini kwake kwa siku saba mfululizo. Kahiu akaenda mahakamani, na tarehe 21 Septemba Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima waruhusiwe kuitazama. Kumbi zikajaa. Siku saba zikaisha, mlango ukafungwa tena. Usijali kama unaipenda au unaichukia filamu hiyo. Nani alifunguliwa mlango ule? Raia wa Kenya aliruhusiwa kutazama filamu ya Kenya kwa juma moja ili sharti la watu wa Los Angeles litimie. Tulikuwa mashahidi wa harusi ya wengine.

Hata hivyo kamati ya Kenya ya kuchagua filamu ya Oscar ikaiacha Rafiki na kuchagua Supa Modo ya Likarion Wainaina, na ubishi wa ipi ilistahili ukarindima. Mwisho wake hakuna filamu ya Kenya, hiyo wala nyingine, ambayo imewahi kuingia tano bora za kitengo hicho.

Kuna jambo ambalo sijasikia mtu akilitaja. Nairobi Half Life inaanza na Mwas, kijana wa kijijini anayeuza DVD na kuwaigizia wateja vipande vya filamu ili wanunue. Katika Supa Modo, ile hadithi ya Jo, msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa wa sinema, kuna Mike, DJ wa kibanda cha video anayesimulia filamu za kigeni kwa watu wa mtaa. Yaani tulipotaka kuwaonyesha Wamarekani mapenzi yetu kwa sinema, mara mbili tulikwenda kuyachukua kibandani. Tukavaa suti, tukamfunga mtu wa kibanda kwenye bahasha, tukamtuma Los Angeles. Yule wa kweli tunampita njiani tukiziba pua.

Mimi nililelewa na kibanda. Mabati, pazia jeusi mlangoni, mabenchi yaliyoibwa sijui kanisa gani, jasho. Stelingi akipigwa kibanda kizima kilinyamaza. Akiinuka tulikanyaga chini hadi vumbi likafunika skrini. Leo kizazi kizima kinamjua DJ Afro, anayemchukua Mchina au Mhindi akampa jina na maneno ya hapa hapa. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kampala wana VJ Jingo. Hao ndio wahakiki walioifundisha Afrika Mashariki kutazama, na kanuni yao ni kali kuliko ya wale 10,000: filamu ikichosha, mtu anatoka, na kesho haleti shilingi zake.

Najua msanii anayesoma haya ameshakunja uso. Ana haki. Mwenye kibanda halipi mwenye filamu hata ndururu. Huo ni wizi, na sheria ya hakimiliki inaukataza. Tuzo, kwa upande wake, humfungulia msanii mlango wa benki na wa mfadhili, na mtu aliyeweka rehani shamba la babake kununua kamera hawezi kula makofi ya Migosi. Sitaki asipeleke filamu yake Los Angeles. Aende, arudi na sanamu, tutampokea uwanja wa ndege kwa ngoma. Ninachouliza ni kwa nini filamu huijua njia ya Los Angeles, Toronto na Berlin, lakini njia ya Kondele, hapa Kisumu, haiijui. Zile siku saba za lazima zingetembezwa Kisumu, Homa Bay, Mbita na Busia, kiingilio cha bei ya chapati mbili, DJ akilipwa kusimulia na mwenye filamu akipata chake. Kisha kamati ikae nyuma ya benchi, bila kutangazwa, ihesabu wanaotoka kabla ya mwisho.

Hayo niliyaeleza kwa kinyozi asubuhi ile, kwa ufupi zaidi, maana foleni ilikuwa ndefu. Nikawasimulia Supa Modo: Jo, ugonjwa wake, kijiji kinachokubali kudanganya kwa pamoja ili mtoto aamini anaweza kuruka. Jirani yangu wa benchi, yule mgonga ukuta, alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshamaliza kunyolewa na hakuinuka kitini.

"Hiyo sasa ni muvi," akasema. "Naipata wapi, japuonj? Leo jioni niwaonyeshe watoto."

Nilifungua mdomo, nikaona sina cha kumjibu. Kinyozi akawasha mashine.