Shule ya redioni kwenye mashamba ya Australia
Kusomea nyumbani shambani si lazima kumtenge mtoto na wenzake, kama baadhi ya watu wanavyodai. Katikati ya Australia, ambako shamba la ng'ombe huweza kuwa mamia ya kilomita kutoka mjini, Shule ya Angani ya Alice Springs ilianza mwaka 1951 kwa kutumia redio za huduma ya madaktari wa ndege. Redio za mwanzo, zilizobuniwa na Alfred Traeger miaka ya 1920, zilipata umeme kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli. Darasa lilikuwa hewani: mwalimu huuliza, mtoto hubonyeza kitufe akajibu, na wenzake wa mashamba mengine humsikia. Vitabu na kazi za kuandika zilipitia posta. Leo masomo huja kwa intaneti ya setilaiti, na mwalimu huonekana kwenye skrini. Hata hivyo, anayekaa na mtoto mezani, daftari likiwa wazi, ni mzazi au mkufunzi wa nyumbani. Mara chache kwa mwaka wanafunzi hukutana mjini, wakasoma na kucheza pamoja.